Seti ya Aisin ya Mkanda wa Taimingi kwa Subaru Impreza WRX ya Zamani

Mwenye Subaru Impreza WRX ya miaka ya 1990 au ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 anapoingia dukani kutafuta mkanda wa taimingi, jambo la kwanza analouliza ni mkanda wa kampuni gani ulio imara kuliko mingine. Kwa EJ20, yaani injini ya magari haya, swali hilo lina uzito mdogo kuliko linavyodhaniwa. Mkanda wenyewe, ukiwa wa kampuni inayojulikana na ukiwa haujamwagikiwa oili, ni nadra kukatika kabla ya wakati wake. Vinavyoua injini hizi mara nyingi ni vile ambavyo mkanda unavipitia: beringi ya puli iliyokauka grisi, tenshena (kikaza mkanda) iliyoishiwa nguvu, au pampu ya maji iliyoanza kuyumba kwenye mhimili wake. Kwa sababu hiyo tathmini hii inahusu seti nzima, nayo ni seti ya Aisin ya Japani, ambayo nimeifunga kwenye WRX yangu ya kizazi cha pili yenye gia za mkono, na ambayo kabla ya kuinunua niliilinganisha na njia nyingine zilizopo katika maduka ya spea ya Nairobi.

Kwa wasioijua injini hii kwa ndani, EJ20 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, na silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande, zikitazamana. Katika matoleo ya WRX kila upande una kamshafti mbili, yaani mihimili inayofungua valvu, kwa hiyo mkanda mmoja mrefu unatoka kwenye krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) chini, unapanda upande mmoja, unazungusha sproketi mbili (magurudumu yenye meno ya kamshafti), unarudi katikati, kisha unapanda upande wa pili na kuzungusha mbili nyingine. Njiani mgongo wa mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji. Kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti, na uwiano huo ukivurugika valvu iliyofunguka hukutana na pistoni inayopanda. Valvu ziko kumi na sita, na zikipinda, kazi inayofuata ni kung'oa silinda hedi, jambo ambalo kwa injini iliyolala namna hii mafundi wengi hulifanya baada ya kuishusha injini yote. Bado wapo mafundi wanaowatuliza wateja kwa kusema kwamba Subaru haidhuriki mkanda ukikatika. Maneno hayo yalikuwa na ukweli kwa injini za Subaru za EJ22 za mwanzo, zilizotengenezwa kabla ya 1997, kama yalivyo na ukweli kwa Mazda MX-5 ya kwanza ya lita 1.6. Kwa EJ20 yenye turbo si kweli hata kidogo.

Suala la lini ubadilishe ni gumu zaidi kwetu kuliko kwa mtu aliyenunua gari likiwa jipya. Japani kipimo kinachotajwa kwa kawaida ni kilomita 100,000, na mafundi waangalifu huongeza sharti la umri, kwa kuwa mpira huzeeka kwa joto hata gari likiwa limeegeshwa. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na maana yake ni kwamba WRX hizi zote tulizonazo ziliingia zamani, zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na namba ya kilomita kwenye dashibodi ni ya kuaminiwa kwa tahadhari. Kuna kidokezo kimoja ambacho wengi hawakijui. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika chini ya boneti au kwenye kava la mkanda ikieleza tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya Heisei, enzi ya kifalme ya Japani, kwa hiyo ukiona 15 usidhani ni 2015. Ongeza 1988 upate 2003. Pasipo na stika, wala risiti, wala fundi anayekumbuka, mimi ningeuchukulia mkanda huo kuwa umekwisha muda wake, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Mkanda wa namna hii huweza kukosa nyufa kabisa na bado ukawa umechoka kwenye nyuzi zake za ndani, ambazo jicho haliwezi kuzifikia.

Sasa tuifungue seti yenyewe. Ndani ya boksi nililonunua kulikuwa na mkanda, tenshena ya haidroliki iliyounganishwa na puli yake, puli mbili laini, puli moja yenye meno, na pampu ya maji pamoja na gasketi yake. Aisin ni kampuni ya familia ya Toyota na pampu za maji ni kazi yake ya miaka mingi, lakini kinachoifanya seti hii ithaminiwe ni kwamba haikujifanya mtaalamu wa kila kitu. Mkanda una chapa ya Mitsuboshi, na beringi zina majina ya watengenezaji wa Kijapani ambao ndio hao hao wanaokutwa kwenye puli zinazotoka kiwandani na gari. Hilo si jambo la kubahatisha, kwa sababu majina yamechapwa kwenye uso wa beringi, na mtu akiziweka puli za zamani na mpya kandokando juu ya meza ataona kama zinalingana.

Puli zilikuwa ndiyo sehemu niliyoichunguza kwa muda mrefu zaidi. Beringi mpya yenye grisi ya kutosha, ukiizungusha kwa kidole, huzunguka kwa uzito kidogo, bila sauti, kisha husimama mapema. Beringi inayozunguka kwa wepesi na kuendelea peke yake kwa muda mrefu huwafurahisha watu dukani, kumbe hiyo ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa wepesi huo unatokana na ukame. Puli zote tatu za seti hii zilipita kipimo hicho. Iliyonihusu zaidi ni ile yenye meno, inayokaa chini karibu na pampu ya maji, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana na mafundi wa Subaru wanaposimulia injini zilizokufa kabla ya wakati. Ile niliyoitoa kwenye gari langu ilikuwa inatoa mkwaruzo hafifu ilipozungushwa, wakati mkanda uliokuwa ukipita juu yake ungeweza kumdanganya yeyote kwamba bado una maisha.

Tenshena inastahili maneno yake. Kazi yake ni kuukaza mkanda kwa nguvu isiyobadilika injini ikiwa baridi au ikiwa na joto, na ndani yake kuna mafuta yanayozuia isirukeruke. Mafuta hayo yakianza kuvuja utaona unyevu kwenye fimbo yake, na asubuhi injini itagongagonga upande wa mbele kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Wapo wanaoibakiza ya zamani ili kuokoa pesa, wakaikandamiza upya kwenye jiliwa na kuirudisha. Kitabu cha kazi cha Subaru kinaruhusu kuikandamiza, ila kwa masharti: isimame wima, ikandamizwe polepole kwa muda unaozidi dakika tatu, na nguvu isizidi takriban kilo 1,000. Sijawahi kumwona fundi wa barabarani anayesubiri dakika tatu. Tenshena mpya huja ikiwa tayari imebanwa na pini, na hiyo peke yake, kwa maoni yangu, inatosha kuhalalisha kununua seti nzima.

Kuhusu bei, seti hii ilinigharimu pesa nyingi kuliko seti zisizo na jina, na ikaniokolea nyingi kuliko ambazo ningelipa kwa kununua kila kipande chenye boksi la Subaru lenyewe. Anayeweza kumudu vipande vya Subaru hatakosea. Atakuwa amelipia nembo na uhakika wa duka alikonunua, huku sehemu kubwa ya vilivyomo ikiwa imetoka kwa watengenezaji wale wale. Gates nao wana seti ya injini hii, na ni kampuni ya Marekani yenye historia ndefu katika mikanda. Kinachotakiwa hapo ni kusoma beringi moja moja ujue imetengenezwa na nani, kama ungefanya kwa seti nyingine yoyote. Halafu kuna ule mkanda wa bluu wa Gates unaouzwa kwa ajili ya mashindano, ambao vijana wanaupenda kwa sababu unaonekana vizuri kwenye picha. Umetengenezwa kwa mpira na nyuzi zenye nguvu zaidi, na unafaa kwa injini zenye springi ngumu za valvu na mizunguko ya juu. Kwa gari linalokwenda kazini Thika Road na kurudi, pesa ya ziada ya mkanda wa bluu ingekuwa na faida zaidi ingeongezwa kwenye puli. Kuufunga mkanda wa mashindano juu ya beringi za zamani ni sawa na kuvalisha suti juu ya fulana iliyooza.

Tatizo kubwa sokoni ni bandia. Kirinyaga Road unaweza kupata boksi linalofanana na la kampuni kubwa kwa rangi na maandishi, likiwa na mkanda usio na namba yoyote mgongoni. Muuzaji mmoja alinionyesha seti ya namna hiyo akaisifu kwa dakika nyingi, na nilipoomba kuigeuza puli nione jina la beringi, uso wa chuma ulikuwa mtupu kabisa. Mkanda halali una maandishi yaliyochapwa waziwazi, ikiwemo namba ya bidhaa na namba ya toleo, na una mistari myeupe ya kuupanga. Mistari ikiwa imepakwa ovyo, au maandishi yakifutika kwa kidole kilicholowa, acha hapo hapo. Nilinunua kwa muuzaji anayekubali mteja afungue boksi kaunta na anayetoa risiti yenye namba ya bidhaa. Asiyekubali hayo mawili sina haja naye, bei iwe iwayo.

Kabla ya kulipa hakikisha pia seti ni ya mwaka wa gari lako, na namba ya chesisi iwe ndiyo msingi wa kuagiza. Impreza za mwanzo, takriban hadi 1997, zina tenshena ya mtindo wa zamani ambayo kikazio na puli ni vipande viwili tofauti, na tenshena ya kisasa haiingii mahali pake bila mabadiliko mengine. Magari ya STI, toleo kali zaidi la WRX, ya kizazi cha pili yenye injini ya EJ207 yana mfumo wa kubadilisha taimingi kwenye kamshafti za kuingiza hewa, na sproketi zake ni nzito na za aina nyingine. Kusema tu dukani kwamba una WRX hakumwelezi muuzaji lolote, na asiyeuliza swali la pili ana uwezekano mkubwa wa kukupa kilichopo rafuni.

Ufungaji una bahati moja: injini imekaa kwa urefu na uso wake unatazama mbele, kwa hiyo ukitoa feni za rejeta na kava za plastiki una mkanda wote mbele yako. Wenye Ferrari F355 hulazimika kushusha injini kwa kazi hiyo hiyo, na wenye Porsche 944 wana mikanda miwili ya kukaza kwa kipimo maalumu. Sisi tusilalamike sana.

Hata hivyo, urahisi wa kufikia ndio unaowafanya mafundi waharakishe, na mahali wanapokosea ni pale pale siku zote. Sproketi zina mshale na zina mstari mfupi uliochongwa ukingoni. Mshale unahusu pistoni ya kwanza kuwa juu kabisa, wala hautumiki kufunga mkanda. Alama ya mkanda ni ule mstari mfupi, na kwa krenkishafti ni mstari ulio kwenye ukingo wa nyuma wa sproketi yake, unaolingana na alama iliyo kwenye pampu ya oili. Mistari yote ikiwa mahali pake, pistoni zote nne ziko katikati ya mwendo wao, mbali na valvu. Kinachobaki kuwa hatari ni valvu zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa kamshafti za upande wa kushoto wa gari, ambao kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni upande wa abiria, hukaa zikiwa zimesukumwa na springi. Mkanda ukitolewa huruka ghafla, na ukizirudisha kwa kuzungusha upande usio sahihi, valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi hukutana vichwa na kupinda bila injini kuwashwa. Fundi niliyemtumia alikuwa na vishikilizi vya sproketi vilivyochongwa kwa ajili ya kazi hii, na ni hicho, kuliko maneno yake, kilichonifanya nimwachie gari.

Mistari myeupe ya mkanda wa Mitsuboshi ilikaa sawasawa na alama za sproketi mara ya kwanza, jambo ambalo si la kawaida kwa mikanda ya bei nafuu. Pini ya tenshena ilitolewa baada ya kila kitu kuhakikiwa, kisha krenkishafti ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama za sproketi zikaangaliwa tena. Hapa wamiliki wengi hupata hofu isiyo na sababu, kwa kuwa baada ya mizunguko hiyo mistari iliyo kwenye mkanda haikutani tena na alama. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mistari ya mkanda ni ya kufungia, na baada ya hapo zinazosomwa ni alama za sproketi peke yake.

Gari la gia za mkono lina kipande kingine ambacho hakimo kwenye seti na ambacho nimekikuta kimetupwa katika magari zaidi ya moja: kinga ndogo ya chuma inayokaa karibu na sproketi ya krenkishafti, ikiacha nafasi ya milimita 1 hivi kati yake na mkanda, yaani kati ya 0.5 na 1.5. Fundi asiyejua kazi yake huiona kuwa ni ya ziada. Kazi yake huonekana gari likiwa limeegeshwa mlimani kwenye gia kisha likarudi nyuma na kuizungusha injini kinyume. Mkanda hulegea upande usio na tenshena na ungeweza kuruka jino kama kinga haipo. Boliti za puli nazo hukazwa kwa Nm 39 tu, na zinaingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo anayezikaza kwa nguvu za mabega huharibu nyuzi za bloku. Boliti kubwa ya puli ya krenki ina kipimo kinachotofautiana kulingana na mwaka wa injini, na isipokazwa vya kutosha hulegea polepole na kula ncha ya krenkishafti, uharibifu ambao gharama yake inapita ya seti nyingi.

Seti ina mapungufu. Haikuwa na sili (vizuizi vya oili) za kamshafti wala ya krenkishafti, na kwa injini ya umri huu kuuweka mkanda mpya mbele ya sili inayovuja ni kuiachia oili iule. Nilinunua sili kando, na wakati huo huo fundi akaangalia skrubu za bamba la nyuma la pampu ya oili, ambazo katika injini hizi zina tabia ya kulegea. Thamostati, valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite, pia haikuwemo, ingawa inakaa chini ya pampu ya maji na hakuna wakati mwafaka wa kuibadilisha kuliko huo. Hapo sikutaka mbadala, kwa sababu thamostati ya Subaru yenyewe ni kubwa kwa umbo kuliko nyingi zinazouzwa badala yake, hufunguka karibu na nyuzi 78 za Selsiasi, na mfumo wa maji wa injini hii hausamehe. Kwa pampu, ningependelea gasketi ya chuma kuliko ya karatasi, na ni kipande cha bei ndogo kuongeza. Kulanti mpya hujazwa kwanza kupitia tangi dogo lililo juu karibu na turbo, si kwenye rejeta, na injini iachwe ipate joto hadi mapovu yaishe; hewa ikibaki ndani, sindano ya joto hupanda na mwenye gari huanza kushuku gasketi ya hedi bila sababu.

Tangu seti ifungwe, mlio wa asubuhi umekwisha, hakuna tone la maji chini ya pampu, na nilipofungua kava kukagua, mkanda ulikuwa unapita katikati ya puli zote bila kulalia ukingo. Kava zilirudishwa zote pamoja na boliti zake. Wapo wanaoziacha nje ili sproketi zionekane, mtindo unaofaa kwenye uwanja wa maonyesho na usiofaa kwenye barabara za vumbi na kokoto, ambako jiwe moja dogo linatosha.

WRX hizi zina heshima yake hapa kwetu kwa sababu zinazojulikana. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Magari yale yalikuwa na mafundi waliobadilisha vipande kabla havijachoka. Kwa matumizi ya kawaida, na hata kwa anayekwenda kasi siku za mapumziko, seti hii ya Aisin ningeinunua tena bila kusita. Ambaye haimfai ni mwenye injini iliyofungwa kamshafti kali na springi ngumu, anayehitaji mkanda wenye nguvu zaidi na kinga za ziada dhidi ya kuruka jino, na mwenye Impreza ya kabla ya 1997 ambaye hajathibitisha kwanza aina ya tenshena aliyonayo.